Vidole Gumba vya Chitzul

Watu wa mjini wakimtaja Rosaria Cucul, husema ni yule mama aliyeleta kura za kijiji kizima kwenye furushi. Husema hivyo huku wakicheka. Wacheke. Wengi wao siku ile walilala hadi saa nne asubuhi, wakaamka wakala, na wasiende kupiga kura hata moja.

Rosaria alikuwa mtu wa Chitzul, kijiji cha wakulima wa mahindi na iliki kilichoko mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka mjini, katika milima ya Guatemala ambako mvua haijui kukata. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na alipenda kusema. Alisema akisuka, alisema akipika, alisema hata akiwa ndani ya kibanda cha kuogea mvuke ambako wenzake walikuwa wamefumba macho wakitafuta utulivu. Jirani yake, Angelina Ical, aliwahi kumwambia mbele za watu, "Wewe Rosaria ukifa tutakuzika wewe leo, mdomo wako tuuzike kesho, maana utakuwa haujamaliza." Watu wakacheka, na Rosaria akacheka kuliko wote, kisha akaendelea pale alipoishia.

Huyo ndiye aliyeandikwa na mahakama kwamba hakuwa na la kusema.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Novemba mwaka 1996, mlinzi wa shamba kubwa la kahawa lililopakana na Chitzul alikutwa amekufa mtoni. Shamba na kijiji vilikuwa vikigombania mpaka tangu enzi za mababu, na askari walipokuja hawakujisumbua kutafuta mbali. Walimchukua Eusebio Choc, mume wa Rosaria, kwa sababu ndiye aliyesimama mara nyingi zaidi kwenye mikutano ya mpaka. Eusebio siku ile na ya kabla yake hakuwa ametoka kwenye tanuri la kukaushia iliki. Tanuri la iliki haliachwi. Moto ukipanda kidogo tu mzigo wote unaungua, na humo mlikuwa na iliki ya nyumba tatu. Rosaria alikuwa naye. Alimpelekea chakula, akapokezana naye kuchochea moto, akamsikiliza akiimba wimbo mmoja mbovu uleule ili asisinzie.

Hayo yote aliyasema mahakamani. Alisimama kizimbani kwa karibu saa nzima akieleza, kwa Kikekchi, lugha pekee aliyokuwa nayo. Alieleza alipika nini, kuni zilikuwa za mti gani, nani alipita kuomba moto. Hakimu alitazama saa yake. Karani aliweka kalamu chini. Hakukuwa na mkalimani, na hakuna aliyemwambia anyamaze, kwa hiyo aliendelea hadi mwisho, akashuka akiwa na hakika kwamba amemwokoa mumewe. Eusebio akapewa miaka ishirini na mitano.

Baada ya mwaka na nusu, wakili mmoja wa ofisi ya dayosisi, Ofelia Morán, alilifungua lile faili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mvuta sigara, mwenye haraka. Alimsomea Rosaria ukurasa wa ushahidi, na mtawa aliyekaa kati yao akatafsiri. Ukurasa ulikuwa na mstari mmoja tu.

"Unasema, 'Shahidi wa utetezi aliitwa. Hakuwa na la kusema.'"

"Shahidi gani huyo?" Rosaria akauliza.

"Wewe, mama."

Rosaria aliporudi kijijini akamweleza Angelina. Angelina alianza kucheka, maana ilichekesha kweli, Rosaria kukosa la kusema, lakini kicheko kikamgeukia katikati na wote wawili wakakaa chini kwenye mlango wa jiko wakilia.

Ni wakili Ofelia aliyemletea habari za katiba. Vita vya miaka thelathini na sita vilikuwa vimekwisha kwa mapatano, na katika mapatano hayo waliahidiana kwamba katiba ya nchi ingebadilishwa, na wananchi wenyewe ndio wangeulizwa kama wanakubali. Mabadiliko yalikuwa kama hamsini, yamefungwa katika maswali manne. Ndani yake zilikuwamo lugha za wenyeji, na haki ya mtu kusikilizwa mahakamani kwa lugha yake.

"Yakipita, mama," wakili alimwambia kupitia kwa mtawa, "tutarudi mahakamani na ukurasa huu mkononi. Tutasema shahidi huyu hajasikilizwa. Utapanda kizimbani tena, na safari hiyo atakuwepo mtu wa kukuelewa."

"Nitasema kwa Kikekchi?"

"Kikekchi chote unachotaka."

Tangu siku hiyo katiba ya Guatemala ikawa mali ya Rosaria Cucul. Wakubwa wa mji mkuu waliibishania bungeni na magazetini, wakaogopeshana kwamba wenyeji wakipewa lugha zao watataka na nchi. Rosaria hakuyasikia. Aliposikia kwamba dayosisi inafundisha watu wa kwenda kueleza mabadiliko vijijini, alikuwa wa kwanza kufika kwenye ukumbi wa kanisa, akiwa na mikate yake ya mahindi imefungwa kwenye majani.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu. Hakujua kusoma, kwa hiyo alipewa redio ndogo ya kaseti na kanda iliyorekodiwa kwa Kikekchi, akaisikiliza mpaka akaijua kama sala. Siku mbili alihudhuria. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili ya kutembelea wafungwa, ambayo ilikuja mara moja tu kwa mwezi, naye akamuaga mwalimu akaondoka. Siku hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ya kufundishwa namna ya kupiga kura: nani anaweza, anakwenda wapi, anashika nini mkononi. Rosaria hakuona kama amekosa kitu kikubwa. Kubwa kwake lilikuwa kumwambia Eusebio.

Eusebio alikuwa amekonda, na kikohozi chake kilikuwa kimeanza. Alikunywa kakao aliyoletewa polepole ili isiishe.

"Utasema yote?" aliuliza.

"Yote. Kuni, chakula, na aliyekuja kuomba moto. Hata ule wimbo wako mbovu."

"Wimbo uache, bwana. Hakimu akiusikia ataniongezea miaka."

Walicheka mpaka askari akageuka kuwatazama. Huo ndio mwezi Rosaria alioupenda kuliko yote ya maisha yake, alisema baadaye, na ulikuwa mwezi wa mume aliye jela.

Kijijini alifundisha nyumba kwa nyumba. Alikuta watu wakipukuchua mahindi, akaketi, akapukuchua nao, akawasha kanda. Betri zilipoisha akawa yeye ndiye kanda. Wanaume walimtania.

"Mama Rosaria, hebu tuambie, badiliko la thelathini na moja linasemaje?"

"La thelathini na moja linasema mwanamume asiyepukuchua asiulize maswali. We Lencho, leta mikono hapa."

Mwishoni mwa Aprili mwenyekiti wa kijiji, mzee Rosendo Tiul, aliitisha mkutano. Huko Chitzul jambo kubwa haliamuliwi kwa wengi kuwashinda wachache. Watu hukaa ukumbini na kuzungumza mpaka wakubaliane wote, hata ikichukua siku mbili, na aliyebaki na shaka husubiriwa. Wakishakubaliana, muhtasari huandikwa kwenye daftari la kijiji, kila mtu mzima huweka dole gumba lake chini yake, na wajumbe hulipeleka mjini. Hivyo ndivyo walivyoomba shule, daraja, na, sijui mara ngapi, mpaka wao. Dole likishawekwa, neno limeshasemwa.

Siku ile walikaa toka asubuhi. Ilipofika alasiri wote walikuwa wamekubali isipokuwa mmoja, mzee Manuel Tzib. Mwaka 1982 askari walifika Chitzul na orodha, wakaisoma kwa sauti, na kaka zake wawili walikuwa kwenye ile orodha.

"Tangu hapo sijaweka dole langu kwenye karatasi yoyote," alisema. "Hata ubatizo wa wajukuu nimewaambia wengine wasaini. Orodha ni orodha, Rosaria. Unajuaje nani ataishika?"

Rosaria, aliyekuwa na neno la kila kitu, alimsogelea mzee.

"Sijui, babu," alisema. "Siwezi kukudanganya. Najua tu kwamba mimi nilisema saa nzima wakaandika sikusema."

Mzee Manuel alikaa akitazama mikono yake. Kisha akainuka na mguu wake mbovu, akaenda mezani, akabonyeza dole kwenye sponji ya wino, akalishindilia kwenye daftari kwa nguvu kana kwamba anaua mdudu. Lilikuwa la mia mbili na kumi na nne. Kina mama walipitisha vibuyu vya kakao na watu wakanywa wakiwa wamesimama.

Kura ilikuwa Jumapili ya tarehe kumi na sita Mei mwaka 1999, na Mei ni mwezi wa kupanda. Siku za kupanda zilikuwa zimeshapangwa, ubani umeshafukizwa, milima imeshaombwa ruhusa, watu wameshajiepusha na wake zao na waume zao kama mila inavyotaka. Siku hizo hazisogezwi. Kijiji hakikuona tatizo. Kwenye uchaguzi wa kuchagua watu, wa meya na wa rais, malori ya vyama yalikuja kuwasomba, na kofia za bure, na ahadi ya mabati. Safari hii halikuja lori hata moja. Kwa hiyo hili halikuwa uchaguzi wa watu, wakaona, bali makubaliano, na makubaliano wanajua yanavyopelekwa. Mzee Rosendo na Rosaria ndio watakwenda. Wenye vitambulisho wakavikusanya, vikafungwa kwenye kitambaa pamoja na daftari, ili serikali ihakikishe kila dole ni la nani. Hakuna aliyekuwa na akili ndogo katika hilo. Walikuwa makini kuliko nchi nzima.

Waliondoka kukipambazuka, wakateremka kwenye matope, wakafika mjini karibu saa tano. Kwenye kituo cha kupigia kura, shuleni, hakukuwa na foleni. Mbwa alikuwa amelala mlangoni. Mezani alikuwa amekaa mwalimu kijana aliyeitwa Nineth, ambaye Kikekchi chake kilikuwa cha salamu tu, hivyo mzee Rosendo, aliyejifunza Kihispania kwenye mashamba ya kahawa, ndiye aliyezungumza huku akimgeuzia Rosaria kila neno.

Alifungua furushi, akalipanga daftari na vitambulisho mezani kwa heshima.

"Chitzul imekubali, mwalimu. Maswali yote manne. Watu mia mbili na kumi na nne."

Nineth alifungua daftari. Alitazama madole yale ukurasa baada ya ukurasa, na uso wake ukabadilika.

"Wako wapi, mzee?"

"Nani?"

"Hawa watu."

"Wanapanda."

"Mzee wangu, kila mtu lazima aje mwenyewe. Na kitambulisho chake, na mwili wake. Siwezi kupokea hivi."

Rosendo alidhani hajaeleza vizuri. Akaweka kidole chake kwenye alama moja. "Hili ni dole la Manuel Tzib. Kitambulisho chake hiki hapa. Manuel ana mguu mbovu, mwalimu, unataka atambae? Na amekataa kuweka dole miaka kumi na saba. Unajua imetuchukua nini kulipata dole hili?"

"Najua," alisema Nineth, ingawa hakujua. Alikuwa karibu kulia. "Sheria si yangu. Hamkuambiwa? Walitoa mafunzo kanisani, siku ya tatu walieleza yote haya."

Rosendo alimgeukia Rosaria akamtafsiria. Rosaria akasikia maneno yale, siku ya tatu.

Kisha akatoka nje mbio. Rosendo alimkuta mwisho wa mtaa, ameshavua viatu, anapanda njia ya Chitzul.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaita! Wanafunga saa kumi na mbili."

"Rosaria. Saa tano kupanda. Saa tano kushuka."

"Wataruka! Watashuka mbio!"

"Na wazee? Na wenye mimba? Dada yangu, hesabu. Utafika kule saa kumi."

Akahesabu. Akahesabu tena kwa vidole, kana kwamba vidole vingempa jibu lingine, halafu akakaa kwenye jiwe katikati ya njia, mvua ikimnyeshea, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Nilikwenda kumwona Eusebio. Ni mimi, kaka, ni mimi." Rosendo hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimshika mkono, akamrudisha shuleni, wakapiga kura zao mbili, na kidole cha kila mmoja kikachovywa kwenye wino.

Jumatatu redio ilisema mabadiliko yamekataliwa. Katika kila watu watano wenye haki ya kupiga kura, hata mmoja kamili hakujitokeza. Milimani kwa wenyeji wengi walikubali. Mji mkuu ulikataa, na mji mkuu ndio uliojaza masanduku. Kwenye makaratasi ya wakubwa jambo lile zima liliitwa ushirikishwaji wa wananchi.

Angelina alijaribu kumtuliza. "Hata tungekwenda wote, Rosaria, wangetushinda. Wametushinda kwa maelfu na maelfu." Hesabu hiyo ilikuwa sahihi na haikumsaidia hata kidogo. Kijiji hakikumlaumu. Mzee Manuel alimletea mahindi ya mbegu kwa mikono yake mwenyewe, akiuburuta mguu wake hadi mlangoni, akayaweka na kuondoka. Rosaria angependa kulaumiwa. Lawama angeijibu.

Jumapili ya kutembelea ilipofika, Eusebio alikuwa ameshasikia habari za nchi kwenye redio ya wafungwa. Alikuwa na swali moja tu.

"Chitzul ilisemaje?"

"Ilikubali," alisema Rosaria. "Mia mbili na kumi na nne."

"Hata Manuel?"

"Hata Manuel. Aliweka dole."

Eusebio alifunika macho kwa kiganja. "Manuel," alisema. "Kwa ajili yangu. Basi mimi nimeshasikilizwa, mke wangu." Rosaria alitazama furaha ile usoni pake na akashindwa kumwambia yaliyobaki. Hakumwambia mwezi ule, wala uliofuata, na mwishowe ikawa ni jambo la kubeba peke yake. Alianza kujifunza Kihispania sokoni, neno mojamoja, kwa wauza chumvi na makondakta wa mabasi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Alipunguza kusema. Angelina alikuwa akimchokoza kwa makusudi, apate kutukanwa kidogo, na mara nyingi hakupata.

Eusebio alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwezi wa Februari mwaka 2001, kabla ya wakili Ofelia kupata njia nyingine ya kulirudisha faili. Rosaria na Angelina walikwenda kuuchukua mwili. Kwenye ofisi ya gereza alikuwepo ofisa mwenye miwani, na pembeni yake karani mpya, kijana aliyevaa tai. Kijana akasimama, akasema kwa Kikekchi safi, cha milimani:

"Pole sana, mama. Kabla hatujafunga faili lake, una la kusema?"

Rosaria alimtazama. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyekaa nyuma ya meza ya serikali aliyewahi kumuuliza hivyo kwa lugha yake.

Akasema. Alianza na tanuri. Alisema siku ngapi, kuni za mti gani, alipika nini, nani alikuja kuomba moto. Alisema mlinzi yule Eusebio hata hakumjua kwa sura. Alisema kuhusu ukurasa wa mstari mmoja, na daftari, na dole la Manuel, na siku ya tatu ambayo hakuhudhuria. Mwisho aliimba, kwa sauti iliyopasuka, ule wimbo mbovu, kidogo tu, wasije wakasema ameficha kitu. Angelina alikuwa amegeukia ukutani. Kijana alisikiliza yote bila kumkatiza, macho yamejaa maji.

Ofisa alitazama saa yake. "Anasemaje?" akauliza kwa Kihispania.

Kijana akatazama fomu. Nafasi ya maelezo ilikuwa ya mstari mmoja.

"Anasema ameupokea mwili," akajibu.

Kihispania cha Rosaria kilikuwa kidogo, lakini hicho kilitosha. Alingoja aone kama kijana ataongeza neno. Kijana akaandika, akaigeuza fomu, akamsogezea sponji ya wino.

"Hapa, mama," akamwambia kwa upole. "Dole gumba."

Rosaria akaliweka.